Utepe Mwekundu Msituni Kibirichia

Jumatatu, 3 Machi

Vikombe vya mtego vya upande wa chini vimekaguliwa. Siafu, mende, konokono mmoja, majike matatu ya buibui wangu. Dume hakuna. Nimebadilisha maji, nimetia chumvi na sabuni, nimevifukia tena mpaka ukingo ukawa sawa na udongo. Kinoti, askari wa msitu anayenisindikiza kwa sababu ya ndovu, aliketi kwenye gogo akinitazama. Eti siku hizi walimu wamekosa kazi kabisa. Mwache acheke.

Jike nilimpata likizo ya Desemba. Profesa wangu chuoni anasema hajawahi kumwona popote. Lakini bila dume hapewi jina. Ni vile vikono viwili vya dume, vilivyovimba mbele ya mdomo kama glavu za bondia, ndivyo vinavyotofautisha aina na aina. Na madume hutembea ardhini kwa majuma machache tu kabla ya mvua. Ikinyesha, basi mpaka mwaka ujao, na chuo hakiningoji mwaka ujao, wala ruhusa yangu ya masomo haifiki huko.

Jumatano, 5 Machi

Nimeongeza vikombe. Mstari mpya unaanzia mashamba ya viazi yanapoishia, yale ambayo watu wameruhusiwa kulima katikati ya miche ya miti ya serikali, unaingia ndani hadi kwenye mitarakwa mikubwa. Humo kila mti unafanana na mwenzake, kwa hivyo nimefunga utepe mwekundu juu ya kila kikombe. Utepe wa harusi, nilinunua Meru mjini. Unaonekana kutoka mbali. Najipongeza.

Koti na kofia naziacha kwa Kinoti getini, zimejaa matope. Tata Karimi, mdogo wake mama, ambaye nakaa kwake, ameuliza huko msituni nafanya nini siku nzima. Utafiti wa masomo, nikamjibu. Singemtajia buibui. Habari ingefika Karurumo kwa baba kabla chai haijapoa: mwalimu mzima, hana mume, anaokota buibui.

Alhamisi, 6 Machi

Tepe za mwanzo hazipo. Vikombe vyake vimeng'olewa, vikakanyagwa. Si ndovu. Ndovu hafungui fundo. Nimekasirika. Nimefunga nyingine, mafundo mawili mawili.

Kina mama shambani hawakuitikia salamu. Mmoja aliinua jembe akasimama nalo tu mpaka tukapita. Kinoti aliishusha bunduki begani akaishika mkononi. Njia nzima hakutania.

Ijumaa, 7 Machi

Tepe nyingine zimeng'olewa. Zilizobaki ni za ndani kabisa. Dume hakuna. Mashambani watu ni wengi, wanachimba viazi mbiombio. Nikadhani ni mavuno.

Jioni jikoni Tata akanieleza. Watu wa kupima ardhi wamerudi. Kuna mwanamke wa kofia, anatembea na askari, anafunga alama nyekundu kwenye miti. Mara ya mwisho ilikuwa rangi nyekundu. Hata mwezi haukuisha, wakaambiwa watoke, viazi vikabaki ardhini. Tata hakupata hata gunia. Safari hii hawangoji kufukuzwa. Kila mtu anachimba, hata kama kiazi ni kichanga, ngozi bado inatoka ukiisugua kwa kidole. Yeye pia atachimba wiki ijayo, akipata vibarua.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikanywa.

Nikisema, kesho msituni hakibaki kikombe hata kimoja. Na mawingu yameanza kukaa juu ya mlima. Amesema wiki ijayo. Nitamwambia kesho nikirudi.

Jumamosi, 8 Machi

Dume hakuna.

Nimerudi mchana. Shamba la Tata limepinduliwa lote. Kina mama wa kanisa walimwonea huruma, mjane hana wa kumsaidia, wakaja asubuhi na majembe yao. Viazi kama mayai ya kuku. Mnunuzi alisimamisha lori, akaangalia, akaenda zake hata bila kushuka.

Nimemwambia. Yote, mpaka buibui. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, akaenda kumkatia ng'ombe majani.

Najichukia. Na bado nawaza vile vikombe vya ndani. Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumapili, 9 Machi

Kanisani, wakati wa matangazo, nikaomba nafasi. Nikasema tepe ni zangu. Hakuna anayefukuzwa. Natafuta buibui. Nilijua watacheka, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakuna aliyecheka.

Mzee mmoja aliuliza swali moja tu. Mgeni akiingia kwenye shamba la watu, si hubisha hodi kwanza? Hodi mimi mwenyewe nawafundisha watoto wa darasa la kwanza.

Mwenyekiti wa wakulima ameagiza kila kitu kitolewe kesho, yeye akiwepo. Tata alikuwa safu ya tatu. Hakuinua macho.

Jumatatu, 10 Machi

Tumetoa. Mimi mbele, Kinoti kando, mwenyekiti nyuma akikunja kila utepe na kuutia mfukoni. Ngurumo upande wa mlimani. Kikombe baada ya kikombe, siafu na maji.

Kikombe cha mwisho, chini ya mtarakwa ulioanguka. Dume. Mzima, miguu yote, vikono vimevimba vile vile nilivyovichora kichwani miezi hii yote. Nikapiga magoti kwenye matope. Nilifurahi. Hapa siandikii mtu, kwa nini nidanganye? Nilifurahi hata nikasahau kuna mtu nyuma yangu.

Kisha nikageuka, nikamwona mwenyekiti uso. Yeye alichimba nusu ekari ya viazi vichanga kwa sababu ya tepe zangu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Msituni hakuendeki.

Tumeshinda jikoni tukichambua viazi. Vya kula huku, vya ng'ombe kule. Vya ng'ombe ndivyo vingi. Chai Tata amenimiminia. Baadaye akanyoosha mkono, akasema nimwonyeshe huyo buibui.

Nikaleta chupa. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akatafuta. Ikabidi nimwonyeshe kwa kidole.

"Ni haka tu?"

"Ni haka tu, Tata."

Akaangalia tena kidogo. Akanirudishia chupa, akavuta gunia lingine.