Uzito wa Mtoto Ambaye Hakupimwa

Marahaba, mjukuu wangu Neema! Najua shikamoo yako ilikuwa ya utani, maana nimekuzidi miaka minne tu, lakini bibi yako ni dada yangu, basi naipokea. Hapa Matogoro sote wazima, na mahindi yamebeba vizuri.

Umeniuliza kama siogopi kuharibu kazi za watu kwa kompyuta. Nimeshaharibu. Nilipomaliza shule, dada Upendo, anayenifundisha kuandika programu kwa lugha ya C, alinipa niandike ya kuandikisha watoto kliniki. Unaandaa amri ya kuhifadhi taarifa mara moja, unaacha nafasi za jina na uzito, kisha kila mtoto anajaziwa zake, na kwa uzito huo kompyuta inasema nani apewe unga wa lishe. Kwa asiyepimwa niliiruka nafasi ya uzito, nikidhani itabaki tupu. Kumbe inabaki na uzito wa aliyemtangulia.

Siku moja mtoto alikataa mizani kwa kilio. Nesi akapiga simu: "Huyu mifupa mitupu, kompyuta yenu inasema hahitaji unga wa lishe!"

"Kosa ni letu," dada Upendo akajibu. "Mama yake asiondoke, tunakuja."

Njiani alinieleza bila kunikaripia kwamba nafasi hufutwa kwanza, ndipo ujaze. Tulipofika nikajificha nyuma yake. Akanivuta mbele.

"Nesi, huyu ndiye aliyeandika programu. Amekuja kuirekebisha."

Nikakaa, nikaandika ule mstari mmoja wa kufuta nafasi. Mtoto akabembelezwa, akapimwa, akapewa unga. Dada Upendo hakugusa kibodi hata mara moja.

Ni mimi bibi yako,
Asteria