Mapigo Hayataki Kushuka

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika hospitali kabla ya watu wote. Toka Maretadu nampigia bodaboda kelele aongeze mwendo. Keshokutwa natolewa hili goita. Nikilala chali linanikaba. Nimechoka!

Kabla ya kupasuliwa lazima upite kwa Sista Paskalina. Shikamoo, marahaba, kaa hapa. Akashika mkono wangu, macho kwenye saa. Akanipima uzito, nimepungua tena. Akasema ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Ikachezacheza hadi ikaanguka.

Nikamwambia ndivyo nilivyo. Mimi mtu wa haraka. Ufundi simu nimejifunza mwenyewe kwa video, kwa haraka hiyohiyo.

"Hapana, mdogo wangu. Hiyo tezi ya shingoni ndiyo inakukimbiza. Na moyo huu utatufia mezani."

Upasuaji umeahirishwa. Daktari kaandika vidonge, nirudi bingwa wa upasuaji akija tena mwezi ujao. Nimelia njia nzima.

Jumanne, 4 Machi

Sijalala. Kwa hiyo mimi ni nani? Mama huwa anasema hata tumboni nilikuwa nakimbia. Kumbe ugonjwa?

Namchukia yule sista.

Jumatano, 19 Machi

Vidonge vinanifanya mzito. Simu moja toka asubuhi mpaka mchana! Mteja kanicheka: "Fundi, umelogwa au umeokoka?"

Nimeviacha. Kinachoniua kiko shingoni. Moyo wangu mzima.

Jumatatu, 7 Aprili

Sista kashika mkono wangu, akaanza kuhesabu upya. Nikajua. Moyo unadunda mpaka masikioni.

Akauliza kama nameza dawa. Nikasema ndiyo. Akamgeukia Mama, niliyekuja naye.

"Aliziacha, sista. Mimi nikafikiri kapona."

Nimeondolewa tena! Wenye magoita madogo kuliko langu wamebaki wodini, mimi narudi nyumbani. Siku hizi nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Hata uji unapita kwa shida. Nitakufa kabla bingwa hajarudi, na nimejitakia mwenyewe.

Nimempigia sista magoti mbele za watu. Kaniinua.

"Nikikupitisha leo nakuua. Nenda kameze dawa."

Ijumaa, 18 Aprili

Nameza. Mama anasimama mbele yangu, kisha anasema fungua mdomo. Anatazama mpaka chini ya ulimi. Ukubwani!

Sina hamu ya kitu. Ikishindikana safari hii, sijui.

Jumatatu, 12 Mei

Niko wodini. Asubuhi sista kashika mkono wangu muda mrefu. "Sawa," kasema. Kesho napasuliwa, niko wa pili. Kanieleza nisile kitu, na kwamba sauti inaweza kukwaruza baadaye. Nimemuuliza maswali mawili tu.

Naogopa. Ila hata hofu imekuja taratibu, imekaa pembeni.

Mchana nilisinzia. Kufumbua macho, nakuta Mama kaweka kiganja karibu na pua yangu. Hajazoea kuniona nimetulia.