Fimbo ya Baba kwenye Shimo la Sita

Butembo, 14 Februari 2000

Yaya Timothée, kaka yangu,

Chef Ananie, mkubwa wa kijiji, alitangaza jana kisha ibada: kiwanja cha golf cha Kalunguta kitagawanywa. Mwenye shamba la kahawa aliyekitengeneza hatarudi tena. Askari waliopiga kambi pale wameondoka na watu wanaanza kurejea. Kila familia itapewa shimo na uwanja wake wote wa majani, lile ambalo baba yao alilitunza. Letu ni la sita.

Nikusalimie sasa. Habari ya Kampala? Afya yako? Mimi na batoto tuko wazima. Mama anakohoa, lakini anakula. Tangu tukimbie tunalala watano chumba kimoja, na kila asubuhi anauliza atalima wapi.

Siku ni Jumamosi, 25 Machi. Unajua desturi: mwana mwenyewe ndiye anapanda mti wa mpaka, majirani wakiona. Asipokuwepo, shamba linapewa mwingine. Mwanamume wa nyumba yetu ni wewe peke yako. Kuja.

Mudogo yako,
Rébecca

Kampala, 4 Machi 2000

Mudogo wangu Rébecca,

Dereva Sadrack alinipa barua yako jana; njia ya Kasindi ilikuwa imefungwa. Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Mpe Mama pole ya kikohozi.

Tarehe 25 ndiyo siku ya mwisho ya mashindano ya kutafuta leseni ya mchezaji wa golf wa kulipwa. Miaka saba nimefundisha wengine kushika fimbo, na leseni nimeikosa mara mbili. Nina miaka thelathini na minane. Mwakani hawataniita.

Unakumbuka Baba akikata majani ya lile shimo? Alivua viatu kwanza. Mwenye buti alimpitisha pembeni, hata kama ni bosi. Nilijifunza pale asubuhi, kabla wenyewe hawajafika, kwa fimbo moja ya chuma aliyopewa. Mpira uliacha mstari mweusi kwenye umande. Baba aliufuata kwa kidole mpaka mahali nilipokosea.

Kwa ndoa ya dada yetu Élise, baba mkubwa alikuwa safarini. Alituma fimbo yake ya kutembelea, wazee wakaiweka kwenye kiti chake, wakamhesabu kuwa yupo. Basi nimempa Sadrack ile fimbo ya chuma ya Baba. Naichezea mipira yote ya karibu, lakini nitatumia nyingine. Wape wazee wa pale, waningoje.

Yaya wako,
Timothée

Butembo, 28 Machi 2000

Yaya,

Shamba halijapotea bado. Chef Ananie alisema hivyo Jumamosi, mbele ya watu wapata arobaini. Mgongo unaendeleaje? Kwetu ni wazima, na kikohozi cha Mama kimepungua.

Nilipotoa fimbo pale shimoni, Salomon wa shimo la tano akasema, "Timothée ametuma kijiko. Iko wapi supu?" Watu wakacheka.

Mama akasimama. "Salomon, weye ulipita hapa na buti. Bwana yangu Zorobabel alikufukuzaka na kijiko hiki hiki."

Wakacheka tena, na Salomon pia.

Ananie akaichomeka fimbo pale bendera ya shimo ilipokuwa. "Inamungoja mwenyewe mpaka Jumamosi ya 15 Aprili. Kama hapana kuja, tunaing'oa."

Nilitaka kukurudishia. Mama alikataa; amekwisha kulima kuizunguka. Na wewe, umepata leseni?

Mudogo yako,
Rébecca

Kampala, 8 Aprili 2000

Mudogo wangu,

Nimeikosa kwa pigo moja. Karani wa mashindano alisoma orodha saa kumi na moja jioni. Jina langu lilikuwa la kwanza kati ya walioachwa. Mimi mzima. Nashukuru kusikia kikohozi kimepungua.

Mpira wa mwisho ulikuwa hatua ishirini kutoka shimoni. Kwa mwendo ule mkono wangu unajua fimbo moja tu, ile ya Baba. Mama hapana kumwambia hilo. Fimbo ilikuwa mahali pake.

Florentine muuza vitenge anabeba barua hii kesho. Mimi naondoka na Sadrack Alhamisi. Tutalala Kasindi, Ijumaa Beni. Mwambie Salomon atayarishe supu. Mama aache kipande kidogo cha majani kando ya fimbo. Jumamosi tarehe 15, saa tatu asubuhi, nitavua viatu hapo.

Yaya wako,
Timothée