Reli za Boksi na Magurudumu Yako

Shikamoo Babu,

Naiandika barua hii hata kama hutaitikia. Kwanza habari njema: mwalimu wa sayansi ameichagua treni yako, ile ndogo ya bati tuliyoitengeneza pamoja, iende kwenye maonyesho ya shule. Lakini lazima itembee mbele ya watu, la sivyo itabaki kabatini. Na reli zetu za waya hazipo tena. Wakati wa msiba wako wajomba walizikata wakafungia banda la mbuzi. Hawakujua kuwa ni reli.

Kwa hiyo mwalimu alinituma mjini Nyakanazi na Bahati, mwenzangu wa darasani, tukachague reli za dukani. Babu, nilichukizwa nilipofungua boksi tu. Ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Ukiishika, rangi inabaki vidoleni, na inanuka kama kandambili iliyoungua. Wewe uliyebeba reli za kweli begani kule Shinyanga ungetema mate. Nilitoa kile kijiti chetu cha kupimia upana wa reli, nikakiweka katikati ya kipande cha juu. Kikaingia sawasawa. Mwenye duka akacheka: "Mhandisi, unataka kupitisha mizigo ya Burundi?" Nikaona aibu, nikafunga boksi.

Hapo ndipo nilipokosea, na ninajichukia kuliko ninavyozichukia zile reli. Wewe hukuwahi kuamini kitu cha juu. Hata maharage ya sokoni ulikuwa unaingiza mkono mpaka chini ya gunia, wauzaji wananuna. "Juu wanatupambia," ulisema. Mimi nilipima kipande kimoja.

Shuleni, vipande vinne vilivyonyooka vilikuwa sawa. Vya kona vyote vilikuwa vimebana. Treni ilipanda juu ya reli, ikainama, ikaanguka ubavu mbele ya darasa zima. Bahati akaleta tupa. "Tuyakwangue magurudumu, bwana. Babu yako si hayupo?" Alisema kwa upole kabisa. Magurudumu yale uliyakata ukiwa umeshaanza kukohoa. Uliyasawazisha siku nne, unapiga tupa kidogo, unapumzika, unapiga tena. Nilikuwa nimekushikia taa ya simu na nilikuwa nalalamika mkono unauma. Nisamehe.

Nilimnyang'anya ile tupa. Nikamwambia mwalimu kosa ni langu, sikupima vyote. Hakunigombeza. Alisema, "Haya, tuambie tufanye nini." Babu, mbali na wewe, hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nikasema vile vinne vilivyonyooka tuvitumie, ingawa hata kuvitazama sipendi. Kona tutazikunja wenyewe kwa waya. Tulizungushia waya kwenye ndoo, Bahati akishika koleo na kunung'unika kwamba vidole vyake si vya fundi. Kona ya kwanza ilitumalizia mchana mzima. Treni ilipita polepole, inakwaruza, lakini haikuanguka. Bahati alipiga kelele kuliko mimi.

Zimebaki kona tatu, na maonyesho ni Ijumaa. Sijui kama tutawahi. Tusipowahi, nitaipeleka na kona hiyo moja, iende na kurudi, na watakaocheka wacheke. Ila magurudumu yako hayataguswa na mtu. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Babu.

Mjukuu wako,
Kabula