Komeo la Upande wa Bibi

Ndia Kuu, Mombasa
9 Mei 1994

Baba mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi, Mama na Bibi tu wazima. Sijui hali yako huko Maskati. Mwalimu alitufunza kwamba barua ya msiba huwa fupi, lakini nimeapa kukueleza yote, kwa kuwa hukuwahi mazishi.

Babu tulimzika Jumanne alasiri. Watu walijaa. Mama alifuata ramani yako ya nyumba: alivisukuma viambaza vya mbao vinavyoteleza mpaka mwisho wa reli, vyumba viwili vikawa ukumbi mmoja wa wanaume, na Bibi akakaa eda nyuma ya kiambaza cha tatu. Siku ya hitma, jirani yetu Mzee Chirau alitafuta mlango wa kutokea, akasukuma kiambaza. Kikateleza kimya kimya. Mbele yake, Bibi, mjane wa siku tatu, anakunywa uji! Mzee alijifunika uso kwa kofia, akarudi kinyumenyume. "Nisamehe, Bi Mkubwa, nilidhani mlango!"

"Nyumba gani hii isiyojua mlango wala ukuta?" Bibi alilia. Amesema eda ataimaliza hapa, maana hana budi kuikalia nyumba aliyofia mumewe, lakini siku ya kutoka atahamia kwa dada yake, Bi Mwanatumu, kule Kuze. Tena alisema juu yako, na nimeapa kusema yote: "Kuta kazitia magurudumu, mwenyewe kakwama Maskati."

Baba, sitaki Bibi aende. Tufanye nini?

Mwanao,
Mwanarusi

Maskati
27 Mei 1994

Mwanangu Mwanarusi,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, ila barua yako niliisoma nimeketi ngazini kazini. Nipelekee mkono wa tanzia kwa mama yangu.

Kosa ni langu, si la Mzee Chirau. Nilipochora nyumba niliwaza upepo tu, upite kaskazi na kusi. Makomeo yote nikayatia upande wa sebuleni, wanakokaa wanaume, nisimuulize mtu. Mwambie fundi Gunga aling'oe la kiambaza cha Bibi, alihamishie upande wake. Fundi akija, Bibi akae chumbani kwenu. Akitaka kufunga au kufungua, asimwombe mtu.

Kisha usimbembeleze. Nyumba yake ya zamani niliibomoa bila kumsikiliza. Safari hii aamue mwenyewe.

Baba yako

Ndia Kuu, Mombasa
10 Septemba 1994

Baba mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Nisamehe kwa kimya. Sikutaka kukuandikia nusu ya habari.

Gunga alihamisha komeo. Mwezi wa kwanza Bibi alilifunga, halikufunguka. Mwezi wa pili akaanza kufungua asubuhi upande wa ua wa ndani, aote jua. Usiku wa Maulidi alifungua shubiri moja upande wa ukumbi, asikilize. Sikumwambia neno, kama ulivyoagiza.

Juzi Alhamisi alitoka eda. Bi Mwanatumu akaja na mkokoteni kuchukua sanduku la Bibi. Mimi nilijificha jikoni nikilia.

"Mkokoteni huo wachukua kitanda chako?" Bibi akamuuliza.

"Changu cha nini? Si wewe uhamaye?"

"Kwako kuna dirisha moja, nalo latazama choo cha jirani. Njoo uone." Nikasikia komeo, ta! Nikachungulia: Bibi akakisukuma kiambaza peke yake, chumba kikapanuka. "Nusu hii yako."

"Nikalale nyuma ya mbao, ndani ya kabati?"

"Kabati, ndiyo. Lakini komeo ninalo mimi."

Walicheka mpaka Bi Mwanatumu akashika ubavu. Jioni kitanda kikaja.

Kimebaki kiambaza cha chumba chako. Bibi amesimama hapa, mkono juu ya ubao, ananihimiza nikuulize, nawe ujibu kwa posta ya kwanza: chumba chako tukipe upana wa mgeni wa wiki mbili, au wa mtu aliyerudi kwao?

Mwanao,
Mwanarusi