Kipimo cha Doto

Geita, Jumatano, Oktoba 1953

Joto la leo limenichosha kabla hata ya watu. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua hainyeshi, na vumbi la malori ya mgodi limeingia mpaka kwenye mizani yangu. Nimeipangusa mara nne. Naandika nikiwa na hasira, ndiyo maana mwandiko umekuwa mbaya.

Nilisoma miaka mitatu kuchanganya dawa. Nilikariri vipimo vya mtoto na vya mtu mzima, na dawa zipi zisikutane tumboni. Nikafaulu. Kisha nikaletwa kwenye hospitali hii ya mgodi, nikapewa dirisha dogo na amri moja: toa kilichoandikwa. Mhindi aliyenitangulia hapa, mwenye cheti kama changu, alilipwa mshahara ambao mimi siwezi hata kuuota. Hilo nilikwisha kulizoea.

La leo siwezi kulizoea.

Saa nne alikuja dirishani Mama Kulwa, mke wa mchimbaji mmoja anayekaa Kalangalala. Mgongoni alikuwa na Doto, mtoto wa miaka miwili, homa inamchoma. Kulwa, pacha wake, alikufa kwa homa kama hiyo mvua zilizopita. Daktari alikuwa amempima Doto harakaharaka, akaandika dawa, halafu akaitwa shimoni ambako mwamba ulikuwa umemwangukia mtu.

Nikasoma karatasi. Kwinini, kipimo cha mtu mzima, mara tatu kwa siku.

Nikasoma tena. Kipimo sahihi nakijua kama ninavyolijua jina langu, lakini sina ruhusa ya kubadili hata nukta. Nikampa dereva wa lori ujumbe wa kumfikishia daktari, nikamwambia Mama Kulwa asubiri.

"Mganga, mtoto anaungua," alisema. "Dawa si ile pale nyuma yako?"

"Ndiyo ile, mama. Lakini siwezi kukupa mpaka daktari arudi."

Kumwambia mgonjwa kwamba daktari amekosea, hilo nalo nimekatazwa.

Akaja Sista, muuguzi wa Kizungu, akauliza kwa nini foleni haisogei. Nikamwonyesha karatasi. Hakuitazama.

"Daktari ameandika. Wewe toa."

"Sitatoa, Sista. Itamdhuru mtoto."

"Wewe si daktari."

Kweli, mimi si daktari. Mama yangu huko Samuye ndiye anayewaambia majirani kwamba mimi ni daktari, na nimechoka kumsahihisha.

Sista akaenda kuandika ripoti. Mimi nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikawa nampangusa Doto kwa kitambaa cha maji. Mama yake hakunitazama. Aliwaambia wenzake kwa Kisukuma, akijua nasikia, kwamba mtu huyu anamnyima mwanawe dawa, na yeye ameshamzika mmoja.

Nikakichovya tena kitambaa majini.

Daktari alirudi saa saba, shati lina damu. Akasoma karatasi yake, akakata alichoandika na kuweka kipimo kilekile nilichokuwa nacho kichwani tangu saa nne. Akaagiza mtoto alazwe. Jioni nilipopita wodini, homa ya Doto ilikuwa imeshuka na alikuwa ananyonya. Mama Kulwa hakuitikia salamu yangu.

Nilidhani yameisha. Kabla sijafunga dirisha, daktari akaniita. Ripoti ya Sista ilikuwa mezani kwake.

"Ulifanya vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ulikataa amri mbele ya wagonjwa. Kesho asubuhi mwombe Sista radhi, la sivyo ripoti hii itakwenda kwa meneja."

Yaani kosa lake limefutwa kwa kalamu, na langu linatafutiwa faili.

Nimelifikiria tangu nifike nyumbani. Kazi naihitaji. Kesho nitasimama mbele ya Sista, nitaomba radhi kwa kuwachelewesha watu kwenye joto. Akiniuliza kuhusu kukataa, nitamwambia kwamba ikija karatasi nyingine kama ile, nitakataa tena.