Mbao za Lori Chini ya Zege

Jumatatu, 20 Julai 1964
Butembo. Bado tunafunga nondo. Baridi ya asubuhi, vidole vizito.
Nimepima usawa tena kwa mpira wa maji. Ukingo wote wa mbele, mita kumi na nane, hautofautiani hata kwa unene wa kidole. Nyumba hii ya Bwana Shabani, msafirishaji wa Beni, itakuwa ya kwanza hapa kulala pamoja na kilima badala ya kukipanda: paa bapa, dirisha moja refu, na juu yake bamba la zege linalotokeza mita mbili nje ya ukuta. Niliichora mimi. Nina diploma. Kabla ya hii sikuwa nimejenga hata jiko.
Fundi Paluku, mwashi wangu, hakomi kunitania. "Bwana Plan, nyumba yako inalala sawa mugonjwa. Benzako banajenga yenye kusimama!" Wafanyakazi wote walicheka. Nilikasirika kupita kiasi.

Jumatano, 22 Julai
Zege limemwagwa, tangu alfajiri hadi jioni.
Paluku alitaka tulimwage juu ya mbao za wapasuaji wa barabara ya Manguredjipa. Nilizikataa. Zimepinda, na kila kombo lingebaki limechapwa kwenye zege daima. Nilimwomba Bwana Shabani mbao za ubavuni mwa lori lake: ndefu, nyoofu, zimepigwa randa. Alinipa zote. Lori limesimama uani bila mbavu, na mbao zinalishikilia bamba juu ya nguzo za mikaratusi. Zisiguswe kwa siku ishirini na moja.
Mstari ni mzuri kuliko mchoro. Nilirudi barabarani mara tatu kuutazama.

Jumatatu, 27 Julai
Hasira.
Waasi wanasemekana kukaribia. Askari wamelichukua lori la pili la Bwana Shabani; limebaki hili lisilo na mbavu. Mama yake, wake zake na watoto wako Beni, naye anataka kuwavusha hadi Uganda kabla njia haijafungwa. Amekuja kudai mbao zake.
Nilimweleza, kwa heshima zote, kwamba zege la siku tano ni uji ulioota ngozi.
"Mutoto yangu, iko batoto kumi na moja. Nitabafunga kamba sawa mbuzi?"
Niliuliza kama wasingeweza kungoja wiki mbili. Niliuliza kweli. Ninaliandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Alinitazama, akasema atarudi keshokutwa.

Jumanne, 28 Julai
Nimekwenda kwa wapasuaji kwa baiskeli ya Paluku. Misumeno imefichwa, watu wameingia msituni. Hakuna hata ubao mmoja. Zile zilizopinda, nilizozidharau, zingetosha.
Kosa ni langu. Si la vita, si la Shabani. Nimepiga hesabu ya uzito mara nne, na mara zote nne bamba linaanguka.

Jumatano, 29 Julai
Tumezitoa.
Shuleni sikufundishwa njia ya Paluku. Chomoa ubao mmoja. Papo hapo simamisha nguzo mahali pake, ikaze kwa kabari hadi iguse zege. Ndipo uendee ubao wa pili. Anza nchani, ishia ukutani. Nilimtii. Kutwa nzima hakunitania hata mara moja, na hilo liliniogopesha kuliko zege lenyewe.
Kwenye ubao wa mwisho pembe ya kaskazini ililia. Ufa mwembamba. Ncha ikashuka vidole vinne, ikakoma hapo.
Bwana Shabani alizipigilia mbao kwenye lori kwa mikono yake, saruji ikiwa bado imeganda juu yake. Alinishika mkono kabla ya kuondoka. Sikuweza kumtazama usoni. Mtu alikuwa akiifuata familia yake, nami machozi yalinilenga kwa ajili ya vidole vinne.

Jumanne, 4 Agosti
Dereva mmoja aliyetoka Beni ameliona lori la Bwana Shabani likishuka kuelekea mpakani Kasindi, limejaa watoto.
Mchana mvua kubwa. Wanawake sita waliotoka sokoni waliingia chini ya bamba na vikapu vyao mgongoni. Nilitoka mbio nikawaambia waondoke, si salama. Aliyekuwa mzee kuliko wote alicheka.
"Mvua iko kule, baba. Hapa hapana."
Maji yote ya juu ya bamba yalikuwa yakikimbilia pembe iliyoshuka na kumwagika pale kwa mkupuo mmoja. Alikwisha kutega sufuria yake.
Nilikagua kabari, moja baada ya nyingine. Zote imara. Walinisogezea nafasi kati ya vikapu. Nilisimama nao pale mpaka mvua ikapungua.